Jibu Lililokwisha Kuandikwa

Enzi zetu za kufundisha hisabati, vijana wa Musoma na Bunda walibeba kitabu chembamba cha majedwali ya logi. Walimu wengine walidai kinalemaza akili. Mimi sikuafikiana nao. Henry Briggs wa Uingereza alichapisha logi za kwanza za msingi wa kumi mwaka 1617. Taabu aliibeba yeye, sisi tukabaki kutafuta mstari na safu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ingawa ya kwanza ilikwisha kufungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Marufuku iliondoka baadaye, na madai yale ya kulemaa akili yakahamia kwenye kompyuta.

Sasa tazama ajabu, msomaji. Kompyuta ya kawaida hutunza tarakimu mahali pamoja na kuzikokotoa mahali pengine. Safari hizo hula muda na umeme. Ndiyo maana Vladimir Hahanov na wenzake wa Kharkiv, Ukraine, wakitaka kuiga utendaji wa saketi za dijiti, huandika majibu ya kila lango mapema ndani ya kumbukumbu. Lango la "na" ni 0001. Likipokea 1 na 1, yaani 11, ambayo kwa msingi wa mbili ni 3, soma nafasi ya 3 ukianzia sifuri: jibu ni 1. Hakuna kukokotoa. Mcheza bao wa Butiama ataelewa upesi, maana shimo linalotunza kete ndimo hesabu inamofanyika.

Ila jedwali hunenepa haraka: njia 10 za kuingilia hudai nafasi 1,024.