Hukumu ya Vifundo Viwili: Mkulima wa Juu, Maji ya Mto na Samaki wa Ziwa

  

Anayesafiri kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma hupita Kisesa, chini ya kilima cha Bujora, kisha huendelea kuelekea Magu na kuuvuka Mto Simiyu. Mto huu hutoka upande wa Serengeti na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Masika hufurika na kubeba udongo mwingi. Kiangazi maji yake hupungua sana, na kila mwenye bustani kandokando huyataka. Basi mas-ala yetu ni hii: je, aliye juu ya mto ana haki ya kuyamaliza maji? Na samaki walio chini wana fungu lolote?

Hukumu iliyotolewa Madina

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr bin Awwam (r.a.) na mtu wa Ansari waliogombania mifereji ya Harra, iliyonywesheza mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr anywesheze, kisha amwachie jirani yake maji. Yule Ansari akakasirika, akadai kuwa Zubayr amependelewa kwa udugu. Hapo Mtume (s.a.w.) akampa Zubayr haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba. Ibn Shihab az-Zuhri amesimulia kuwa watu walikikadiria kipimo hicho, wakaona ni sawa na vifundo viwili vya miguu. Hukumu kama hiyo imepokewa pia kuhusu mabonde ya Mahzur na Mudhaynib: wa juu azuie hadi vifundoni, kisha amwachie wa chini.

Hukumu hii ndiyo aliyoiweka Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277) katika Minhaj, kitabu tunachokisomesha hadi leo. Tuzingatie kuwa hata pale alipopewa haki yake yote, Zubayr aliwekewa mpaka. Wa juu hutangulia, lakini kutangulia si kumiliki.

Yaliyompata ningu

Wazee wa kanda ya ziwa wanamkumbuka ningu. Samaki huyu huishi ziwani, lakini mvua kubwa zinapojaza mito hupanda dhidi ya mkondo, akataga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Maji yakianza kushuka, yeye na vifaranga vyake hurejea ziwani. Kwa hiyo uzazi wake umefungamana na mto: mto usipojaa kwa wakati wake, au ukifungwa mdomoni, hana pa kuzalia.

Hapo zamani ningu alikuwa miongoni mwa samaki muhimu zaidi katika mito ya ziwa hili, ikiwemo Kagera. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea, zikatandazwa kwenye midomo ya mito wakati uleule anapopanda. Samaki wakavuliwa wakiwa na mayai tumboni. Ningu akaporomoka kabla sangara hajalitawala ziwa, na hadi leo ni adimu. Alizuiwa kwa nyavu. Lakini mto ukikaushwa kwa mashine za maji, au mazalia yake yakifukiwa na udongo wa kingo zilizolimwa, matokeo ni yaleyale.

Jirani wa mwisho

Hatudai kuwa Imamu Nawawi alitaja samaki. Maneno yake ni juu ya mashamba. Lakini kanuni ya kutodhuru wala kulipizana madhara ni pana. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumtendea wema kila kiumbe hai kuna ujira. Isitoshe, nyuma ya samaki kuna binadamu: mvuvi wa Ghuba ya Speke na mjane anayekaanga samaki sokoni. Hao ni majirani wa chini, ingawa mkulima hawaoni.

Wala hatumharamishii mkulima bustani yake; naye ana watoto. Mafaqihi wametanguliza haki ya kunywa mbele ya haki ya kumwagilia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo imepanga hivyo: kwanza matumizi ya nyumbani, kisha akiba ya maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo matumizi mengine.

Kuhusu kingo, mafaqihi wameweka harimu ya mto, yaani eneo la kando lisilomilikiwa na mtu. Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 H/1505) aliandika risala maalumu kupinga ujenzi uliosogezwa kwenye ukingo wa Nile kule Misri. Na mto huohuo hutoka katika ziwa letu hili. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60. Na Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa kwa msimu ili nyasi ziote, jambo linalokaribiana na hima aliyoiweka Mtume (s.a.w.) huko Naqi'. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua. Ardhi yenye nyasi hushika maji na kupunguza udongo mtoni.

Wasia wetu

Enyi maimamu, kisa cha Zubayr tunakihutubia kama somo la utii kwa hukumu ya Mtume (s.a.w.), na ni kweli. Tukihutubie pia kama somo la maji. Msikiti ulio kando ya mto uwakutanishe wenye mashamba kabla ya kiangazi, wapangiane zamu na kiasi cha kuachia, na wavuvi waitwe katika kikao hicho. Atakayezima mashine yake ili mto upite, kwa nia ya kumwachia jirani, tunamtarajia ujira kwa Mola wake.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.