Kifyatuo: Kutoka Bunduki za Misafara ya Tabora hadi Osiloskopu

Mfasiri wa maandishi ya elektroniki hukutana mapema na ile sehemu ya osiloskopu iitwayo triga. Mtu aweza kuiita kichocheo au kianzishi. Makala haya yanapendekeza kifyatuo, neno lenye historia ndefu katika lugha yetu.

Katika karne ya 19 Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa njiapanda ya misafara: njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, na nyingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857. Pamoja na nguo na shanga, misafara ilipeleka bara baruti na bunduki, zikiwamo za gumegume, na silaha hizo zilitumika katika vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871.

Vyombo hivyo vilihitaji maneno. Mtambo lilikuwa jina la mtego wenye kamani, na la sehemu ya bunduki inayoiwezesha kulia. Baadaye neno hilo lilipanuka hata likawa jina la mashine yoyote, k.v. mtambo wa umeme. Kwa hiyo halitufai tena hapa. Lakini kitenzi fyatua kimehifadhi kiini chake: kuachilia ghafla kitu kilichokwisha kutegwa.

Maana hiyo ndiyo inayotakiwa na osiloskopu. Mwaka 1947 kampuni ya Tektronix ya Marekani ilitoa osiloskopu yake ya aina ya 511, iliyoeneza utaratibu huu: nukta ya mwanga hungoja ukingoni mwa kioo, ishara ifikapo kiwango kilichowekwa, nukta hufyatuka na kuchora. Kidole cha mpigaji hakirushi risasi. Baruti ndiyo irushayo. Vivyo hivyo kifyatuo hakichori mstari, bali huruhusu uanze.

Kifyatuo hupimwa kwa jenereta ya mapigo. Tuseme kila pigo lapanda kutoka volti 0 hadi volti 2, mara 1,000 kwa sekunde. Kiwango kikiwekwa volti 1, mchoro husimama tuli. Kikipandishwa kupita volti 2, nukta haifyatuki. Au, chombo kikiwa katika hali ya kujiendesha chenyewe, mchoro hutangatanga. Kisha fundi huchagua ukingo wa pigo unaopanda au unaoshuka, na kutazama mchoro unaanzia wapi. Mwisho hufupisha muda wa pigo kidogo kidogo mpaka kifyatuo kishindwe kulitambua. Hapo ameujua mpaka wa chombo chake.

Hapa ndipo uzito wa istilahi unapodhihirika. Mwanafunzi aliyefundishwa kichocheo aweza kudhani kuwa ishara inaongezewa nguvu, akazungusha kitufe cha kukuza mchoro badala ya kile cha kiwango. Tena neno hilo limekwisha kushikwa na kemia. Kianzishi nacho chaweza kumpeleka kwenye swichi ya umeme.

Fyatua, kwa upande wake, huzaa jamii nzima: kifyatuo, mfyatuo, kiwango cha mfyatuo, ukingo wa mfyatuo. Hatuna budi kulitazama shina hili kabla ya kukopa. Neno lililoelea katika njia ya Unyanyembe halijachoka. Linangoja kazi mpya.