Kindi wa Kakamega arukaye bila mabawa

Mikaratusi inayopandwa katika mashamba ya Mosocho, Kisii, asili yake ni Australia. Huko, misitu ya miti hiyo ni makao ya mnyama mdogo wa kundi la kangaruu, abebaye mtoto mfukoni na kuambaa hewani kutoka mti hadi mti. Kenya haina mnyama wa kundi hilo. Hata hivyo, katika msitu wa Kakamega yumo kiumbe mwenye kipaji kama hicho: kindi mwenye mkia wa magamba, ambaye wanasayansi humwita Anomalurus derbianus.

Ingawa huitwa kindi, yeye ni wa ukoo wa pekee unaopatikana Afrika tu. Urefu wake bila mkia ni sentimita 27 hadi 38, na uzani waweza kufikia kilo moja. Ngozi pana yenye manyoya huunganisha miguu ya mbele, ya nyuma na mkia. Anaporuka huitanua mithili ya mwavuli, akasafiri hewani makumi ya mita huku akishuka. Hawezi kupaa kama popo. Upande wa chini wa mkia, karibu na mwili, mna safu mbili za magamba makali yanayomzuia kuteleza akwelapo mti.

Mchana hulala ndani ya tundu la mti. Usiku hutoka kutafuta magome, matunda, majani na maua. Aghalabu huzaa mtoto mmoja, mwenye manyoya na macho wazi. Yule wa Australia huzaliwa kabla ya kukomaa, akakulia mfukoni mwa mamaye kwa zaidi ya miezi miwili.

Kinachowaunganisha wawili hao ni haja ya miti mikongwe. Tundu la kulala huchukua miongo mingi kutokea, ilhali mikaratusi ya shambani hukatwa ikiwa michanga kwa ajili ya nguzo na kuni. Fauka ya hayo, pengo kubwa likiachwa kati ya miti, kindi huyu hulazimika kutambaa ardhini, ambako hana wepesi.

Kimataifa, hayumo miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Nchini Kenya, lakini, makao yake ni machache. Msitu wa Kakamega ulianza kulindwa kisheria mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Mti mkongwe ukianguka humo, mche upandwao leo hautampa kindi makao kwa miaka mingi ijayo.