Kuzima Kompyuta: Watu 43 na Orodha Moja

Itakapofika Novemba 2026 itatimia miaka 20 tangu kampuni ya Microsoft kuutoa kwa makampuni mfumo endeshi wa Windows Vista, na pamoja nao ugomvi ambao, kwa jinsi ulivyohusu jambo dogo, wastahili kuhifadhiwa katika tarehe ya fani hii: ugomvi wa namna ya kuizima kompyuta.

Kwamba kuzima kuna sharti zake, wala si kukata umeme tu, wahenga wa fani walilijua mapema. Katika mitambo ya Unix ya miaka ya 1970, maandishi yaliyokuwa yangali katika kumbukumbu ya muda yalipaswa kwanza kuteremshwa kwenye diski, na mwenye pupa aliyekata umeme kabla ya hapo yamkini aliyakuta mafaili yake yamevurugika. David Bradley wa IBM akabuni vitufe vitatu vya kuwashia upya, Ctrl, Alt na Del. Na Windows 95 ikawa, baada ya kumaliza kazi zake, inamwarifu mwenyewe kwa maandishi ya rangi ya machungwa kuwa sasa ni salama kuizima.

Ndipo ikaja Vista. Joel Spolsky, ambaye zamani alifanya kazi Microsoft katika programu ya Excel, aliifungua orodha ya kuzimia akahesabu njia tisa: alama mbili za kubofya na maneno saba, akaongeza vitufe vya kompyuta ya mkononi, swichi, na hata kukifunga kifuniko, akafikisha 15. Ajabu zaidi, ile alama ambayo kila mtu huijua kuwa ya kuzimia, kwa kawaida haikuizima mashine bali iliilaza. Rai ya Spolsky ilikuwa kwamba kitufe kimoja cha kuagia kingetosha, na mashine yenyewe ijue lini ijifunge, lini ihifadhi, lini izimike.

Hazikupita siku nyingi akajitokeza Moishe Lettvin, aliyekuwa ameacha kazi Microsoft, akakiri kwamba orodha ile ameishughulikia yeye kwa mwaka mzima, ilhali kwa insafu ilikuwa kazi ya juma moja. Kikosi chake kilikuwa na watu wanane, nacho hakikuweza kuamua neno bila vikosi vingine viwili, kimoja cha sura ya mfumo na kimoja cha kiini chake; hao ni 24, na juu ya kila kikosi palikuwa na madaraja sita ya wakubwa kabla ya kumfikia mkuu mmoja awakusanyaye wote, hivyo wenye sauti katika orodha ile wakawa 43. Fauka ya hayo, alichokiandika kilichukua mwezi mmoja hadi mitatu kufika kwenye shina la mfumo, na zaidi ya hapo kuwafikia wenzake wa vikosi vingine. Na tunda la mwaka mzima likawa mistari ya msimbo isiyozidi mia chache. Kila mjumbe, bila shaka, alikuwa na hoja njema. Kasoro ni kwamba hapakuwa na kaida iliyoandikwa ya kuzipimia hoja hizo.

Baadaye Windows 8 ilikificha kitufe cha kuzimia pembeni mwaka 2012, ikakirudisha hadharani 2014. Nyumba ya Linux ilikuwa na adabu zaidi: mradi wa Fedora umeandika kwamba kuzima na kuwasha upya ni lazima kufanye kazi, kwa amri na kwa vitufe, la sivyo toleo halitoki. Mwaka 2023, katika Fedora hiyohiyo, muda wa kuzisubiri huduma zinazokataa kufungwa ulishushwa kutoka sekunde 90 hadi 45. Waliopendekeza walitaka 15.

Kwetu, ambako umeme haupigi hodi unapoondoka, kaida hizi zingetufaa kuliko wengi. Lakini aghalabu ofisi inunuapo kompyuta kwa mamia huuliza ukubwa wa diski na kasi ya prosesa. Ni nadra kuona zabuni inayouliza mashine hizo huzimika vipi.