Forodha ya Unguja: Kutoka Ijara hadi Sheria

Mtu atajwapo Forodhani mjini Unguja, hufikiri bustani iliyo mbele ya Beit-el-Ajaib. Hata hivyo jina hilo latokana na forodha, nalo latukumbusha siku ambazo ushuru ulikusanywa kwa desturi tofauti kabisa na sheria tuzijuazo leo.

Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, hakuwa na maofisa wa kuhesabu shehena. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara, ambaye alitoa ijara ya mwaka kwa mtawala, kisha akakusanya ushuru mwenyewe. Ziada ilikuwa faida yake. Mashuhuri miongoni mwao ni Jairam Shivji, tajiri wa asili ya Kutch. Njia hiyo ilikuwa na wepesi wake, kwani mtawala alijua pato lake mapema. Lakini daftari lilikuwa la mkodi, wala si la serikali; na yeye aliyepima shehena za wenzake alikuwa naye ana shehena zake.

Kiwango nacho hakikuwa mikononi mwa Sultani. Mkataba wa mwaka 1833 baina yake na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoteremshwa, usizidi. Uingereza ikafanya mkataba wake mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Basi hata merikani ilipojaa sokoni, mtawala hakuweza kupandisha ushuru kwa hiari yake. Hesabu ilikaa kwa mkodi, na kiwango kikakaa mkatabani.

Utawala wa Waingereza, ulioanza mwaka 1890, ulileta maofisa na madaftari, na mwaka 1892 Unguja ikatangazwa bandari huru. Utaratibu ulitengenea, lakini maamuzi yalikuwa ya mgeni.

Kwa hiyo yafaa tuipime kwa mizani hiyo sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoambatana na umoja wa forodha ulioanza tarehe 1 Januari 2005. Viwango vyake vya awali kwa bidhaa za nje vilikuwa 0, 10 na 25 kwa mia. Mwaka 2022 kikaongezwa cha 35. Kubwa zaidi ni kwamba mfanyabiashara aweza kukisoma kiwango kabla hajafika bandarini, na akidhulumiwa ana haki ya kuomba uamuzi utazamwe upya, kisha kukata rufaa.

Hata hivyo kila mwaka wa bajeti nchi wanachama huomba ruhusa ya kutoza viwango vyao wenyewe kwa bidhaa fulani. Huenda kila ombi lina sababu njema. Lakini zikizidi, msomaji wa sheria hataweza tena kujua atakachotozwa, na itambidi amwulize mtu aliyeshika daftari, kama walivyofanya manahodha wa zamani pale Unguja.