Vipimo vya Ini kwa Wajawazito wa Vihingo

AST na ALT ni vimeng'enya vinavyokaa kwa wingi ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, huvujia kwenye damu. Mimba isiyo na matatizo haivipandishi. Kinachopanda miezi ya mwisho, pengine hata maradufu, ni fosfatasi alikali, kwa kuwa kondo la nyuma nalo huitengeneza. Asiyelijua hilo humtafutia mama ugonjwa wa ini asio nao.

Ujuzi wa vimeng'enya hivi si wa zamani. Mwaka 1954 LaDue, Wróblewski na Karmen walionyesha huko New York kwamba AST, iliyomo pia katika misuli ya moyo, hupanda baada ya shambulio la moyo. Mwaka 1957 Reitman na Frankel wakatoa njia ya kuipima kwa rangi, ambayo hata maabara ndogo iliimudu. Wakunga walisubiri zaidi: ni mwaka 1982 Louis Weinstein wa Arizona alipoeleza wagonjwa 29 wa kifafa cha mimba na hatua zinazokitangulia, waliokuwa na chembe nyekundu zilizopasuka, vimeng'enya vya ini vilivyopanda na chembe sahani chache. Hali hiyo aliiita HELLP.

Katika vijiji kama vya Vihingo, wilayani Kisarawe, kifafa cha mimba kilitambulika kwa macho kabla ya maabara: uso kuvimba, kichwa kugonga, macho kuingia kiza. Kliniki nazo zilitegemea mkojo. Uliwekwa katika kineli cha kioo, ukachemshwa juu ya taa ya spiriti. Penye protini uliganda mweupe kama ute wa yai. Baadaye vikaja vijiti vya kuchovya. Vimeng'enya vya ini hupimwa kwenye maabara ya hospitali, kama ile ya Tumbi, Kibaha, iliyochipuka kutoka kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Leo Tumbi ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani.

Pasipo mashine, kipimo cha kitandani cha mgando wa damu kingali na thamani. Mililita mbili za damu hutiwa katika kineli kikavu na kufumbatwa kiganjani ipate joto la mwili. Baada ya dakika nne kineli huinamishwa polepole, kisha kila dakika. Ikifika ya saba damu haijaganda, au bonge ni laini na linavunjika, mgandisho umeharibika. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu ini, lakini humtahadharisha mkunga kuhusu damu itakayomwagika.

Ugumu wa Pwani ni malaria. Nayo hupasua chembe nyekundu, hupunguza chembe sahani na huweza kupandisha vimeng'enya. Kwenye karatasi ya majibu hufanana mno na HELLP. Maumivu ya chembe cha moyo yanayoletwa na HELLP nayo hudhaniwa vidonda vya tumbo. Hivyo namba peke yake haitoshi: hupimwa malaria, shinikizo la damu na mkojo kwa pamoja.

Safari ya sampuli nayo ina lake. Damu ikitikiswa njiani au kukawia, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga AST na kimeng'enya kingine, LDH, majibu yakapanda ilhali ini ni zima. Mtaalamu wa maabara akiona majimaji ya juu yamekuwa mekundu badala ya rangi ya nyasi kavu, huomba damu nyingine.