Mgeni na Ugali wa Mtama

Mfaransa aliyekuja kuishi kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya miaka mia moja iliyopita alikula nini? Katika miaka yangu ya ualimu sikuona swali hili likitungwa katika mtihani wa historia. Hata hivyo, linatufundisha mengi juu ya imani na ujirani.

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliondoka Marseille mwezi Aprili 1878. Mwisho wa mwaka huo kundi lao la Nyanza, likiongozwa na Padri Livinhac, lilifika Kageye, mashariki ya Mwanza. Mwaka uliofuata Padri Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwenda kwa Kabaka Mutesa. Waganda, kwa kusikia neno la Kifaransa "mon père", wakamwita Lourdel Mapeera. Hivyo mgeni alipewa jina na wenyeji wake. Mwaka 1882 wamisionari hao waliondoka Buganda, wakarudi kusini ya ziwa, na mwaka 1883 wakaweka makao Bukumbi.

Lavigerie alikuwa amewaagiza waseme lugha ya wenyeji, wale chakula chao na wavae kama wao. Kuhusu mavazi, kanzu zile nyeupe zilikuwa za Waarabu wa Algeria, na Msukuma aliyewaona kwanza angeweza kuwadhani wafanyabiashara wa pwani. Lakini tumbo halidanganyiki. Huku chakula kilikuwa ugali wa mtama au uwele, samaki wa ziwani, na michembe wakati wa njaa. Aliyetaka kuishi alinyoosha mkono chunguni pamoja na wenzake.

Chakula kimoja tu hakikuweza kubadilishwa. Sheria ya Kanisa inataka mkate wa Misa uwe wa ngano na divai iwe ya zabibu, na hayo hayakuwa mazao ya Wasukuma. Kwa hiyo altare ilitegemea mizigo ya wapagazi, na meza ilitegemea jembe la jirani.

Nao hawakuwa na wake wala watoto. Jamaa yao pale Bukumbi ilikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao, waliotengwa na mama zao, walikuwa wageni kama mapadri wenyewe. Walijifunza kumwita Mungu Baba mahali ambapo wengi hawakujua tena baba zao walipo. Sidhani kama kuna somo la katekisimu lililokuwa zito kuliko hilo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini kwanza mwenyeji humponya mgeni kwa njaa. Bibi yangu alisaga mtama kwa jiwe, amepiga magoti tangu alfajiri, na najua unga wa watu watano hula saa ngapi za mgongo wa mwanamke. Majina ya Livinhac na Lourdel yamo vitabuni, na wanastahili. Lakini waliowasagia unga, wakawavulia samaki na kuwachotea maji, katika vitabu nilivyofundishia hawana hata jina moja.

Msomaji wangu, kama kwenu bado yupo mzee anayekumbuka bibi zake walipika nini na walimpikia nani, mwulize mwaka huu. Uandike na majina.